Kijerumani Juu ya Kemia: Hesabu ya Dakika 50

Mwanafunzi wa ualimu wa sayansi pale Chuo Kikuu cha Mwenge, Moshi, akionekana na daftari la Kijerumani, wenzake humuuliza: Kiingereza cha mhadhara chenyewe bado kinatutoa jasho, hiki kingine cha nini? Swali lina uzito. Majarida ya kemia karibu yote ni ya Kiingereza, na hata huko Ujerumani shahada nyingi za uzamili za sayansi hufundishwa kwa Kiingereza.

Ila hoja inayowashinda wengi ni muda, na huo wanaulalamikia bila kuupigia hesabu. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha Kijerumani, inakadiria vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 kufikia kiwango cha B1, yaani kiwango cha kati cha lugha. Tuchukue 500: ni saa 375. Gawa kwa miaka 3 yenye wiki 30 za masomo kila mmoja, unapata saa 4 na dakika 10 kwa wiki, yaani dakika 50 Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, mwaka una krediti 120, kila moja saa 10 za kazi. Kwa wiki zilezile 30 ni saa 40 kwa wiki. Lugha imeongeza kama sehemu moja ya kumi. Mzigo upo, lakini si ule wa kumletea mtu sapu, mtihani wa marudio.

Kinachoharibu ni mpangilio. Wiki ya tesiti na ripoti za maabara mtu anaacha kabisa, akijipa moyo kwamba atafidia likizo. Hafidii, msamiati usiorudiwa unayeyuka. Wiki hiyo ashuke hadi dakika 15 za kurudia tu, asiguse neno jipya. Kosa jingine ni kukariri nomino bila der, die au das yake, kijineno cha mbele kinachoonyesha jinsia ya nomino. Kulirekebisha baadaye ni kujifunza neno lilelile mara ya pili.

Na huyu wa kemia anaingia na mtaji. Wasserstoff, haidrojeni, ni dutu ya maji. Stickstoff, nitrojeni, ni dutu inayokaba pumzi. Sauerstoff, oksijeni, ni dutu ya uchachu: Lavoisier, mkemia Mfaransa, aliamini kila asidi lazima iwe na oksijeni, akakosea, na kosa lake limebaki kwenye jina. Tahadhari iko kwenye namba. 2,5 ya Mjerumani ni mbili na nusu, 1.000 yake ni elfu moja, na 47 huanza kutaja saba ndipo arobaini. Anayeandika vipimo kwa kusomewa huishia na 74.

Mtihani wa B1 wa Goethe-Institut nao una sehemu 4: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila moja inataka alama 60 kwa 100, na uliyofeli unairudia peke yake.

Anayeanza mwaka wa tatu, utafiti wa kumaliza ukiwa mkononi, huyo wenzake wako sahihi kumzuia. Saa zake 375 zote zinaangukia wiki 30: saa 12 na nusu kila wiki.