Dunia imeharibika, haya: Mkristo ajitenge au abaki humo humo?

"Dunia imeharibika." Hii kauli nimeshaisikia jumuiyani, kwenye daladala, misibani, na mpaka kwenye kikao cha harusi ambacho mweka hazina wake hadi leo hajaleta hesabu, na cha ajabu kila anayeisema anaisema kwa sauti ya mtu ambaye yeye hayumo. Sibishi kwamba mambo ni mabaya. Fungua tu simu asubuhi uone, mzazi kaua mtoto, mtu kapotea na ndugu hawajui waulize wapi, halafu aliyekula hela ya dawa za zahanati kakaribishwa kiti cha mbele kanisani aongoze harambee. Mtu akiniambia amekata tamaa namuelewa kabisa. Kinachonisumbua ni kinachofuata hapo, yaani ukishakubali kwamba hali ni mbaya, imani yako unaipeleka wapi?

Sisi Wakristo wa huku Afrika Mashariki majibu yetu huwa ni mawili. Kuna wanaosema hizi ni siku za mwisho, yote yalishaandikwa, kazi yetu ni kujitakasa na kusubiri unyakuo, siasa waachie wenyewe, ya dunia yaacheni kwa wadunia. Na kuna wanaosema hapana, Yesu alituita chumvi na nuru, kwa hiyo ingia ofisini, gombea udiwani, kaa kwenye bodi, andika, piga kelele. Niseme mapema mimi nimeegemea kwa hawa wa pili, ila nina ugomvi nao mkubwa tu na nitaufikia.

Kwanza tuwatendee haki hawa wa kujitenga, kwa sababu siku hizi imekuwa rahisi kuwacheka. Ule Uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na huku kwetu upande wa Bukoba, ndo uliotuletea walokole kama tunavyowajua. Sasa vita ya Mau Mau ilipopamba moto Kenya kuanzia 1952, ndugu wa Uamsho kule Ukikuyu wakakataa kula kiapo cha wapiganaji, wakasema wameshainywa damu ya Kristo na hawawezi kuichanganya na nyingine. Serikali ya mkoloni ikawaambia basi chukueni bunduki mjilinde, wakazikataa na hizo. Wapo waliouawa kwa msimamo huo. Ukimuuliza mjukuu wa mpigania uhuru anaweza kukwambia hao walikaa pembeni wakati wenzao wanafia ardhi, na hoja yake ina uzito, ardhi ilikuwa imeporwa kweli. Lakini huwezi kuwaita waoga watu ambao pande zote mbili zenye silaha zilikuwa zinawatazama kwa jicho baya. Kujitenga kwao hakukuwa kukimbia, walikuwa pale pale kijijini, mlango wazi.

Shida inaanza pale kujitenga kunapogeuka kuwa ukuta. Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, kanisa la kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde liliteketea likiwa na waumini ndani, baadaye miili mingine ikafukuliwa kwenye mashimo, mamia ya watu. Waliambiwa dunia inaisha na mwaka, mwaka ukaisha dunia ikabaki. Tukasema haiwezi kujirudia. Aprili 2023 polisi wakaanza kufukua makaburi msitu wa Shakahola, Kilifi, na hesabu ikapita miili 400, wakiwemo watoto wengi. Mhubiri Paul Mackenzie alishaanza zamani kuhubiri kwamba shule ni za shetani na hospitali si za kwenda, halafu watu wakauza mali zao wakahamia msituni. Mashtaka yanasema aliwahimiza wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu, yeye ameyakana, mahakama itasema. Mimi naangalia kitu kimoja tu, kwamba wale watu hawakwenda msituni kwa sababu ya ujinga, wengine walikuwa wasomi na wenye kazi zao, walikwenda kwa sababu walichoshwa na ubaya wa dunia na wakaamini kwamba ubaya unakaa huku nje. Kumbe ulishaingia nao msituni, na Biblia mkononi.

Kwa hiyo wa upande wa pili wanashinda? Subiri kwanza.

Rwanda ya kabla ya 1994 ilikuwa nchi ambayo karibu watu tisa kati ya kumi walijiandikisha kuwa Wakristo. Kanisa halikuwa limejitenga na chochote, lilikuwa na shule, hospitali, mashamba, na Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa kwa miaka mingi kwenye kamati kuu ya chama tawala, chama cha Rais Habyarimana. Hii ndo chumvi na nuru iliyoingia mpaka jikoni ikulu. Ilipofika Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza, watu wakakimbilia makanisani kwa sababu walijua huko ni kwa Mungu, wakauawa huko huko, Ntarama, Nyamata, na sehemu nyingine nyingi. Pale Nyange kanisa lilibomolewa kwa buldoza likiwa na watu ndani, Watutsi wasiopungua 1,500 kwa mujibu wa Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyokaa Arusha, na paroko wao Athanase Seromba alihukumiwa miaka 15 mwaka 2006, rufaa ya 2008 ikaipandisha kuwa kifungo cha maisha. Kabla ya kujisalimisha alikuwa Italia, anasalisha misa kwa jina jingine. Hapo ndo ugomvi wangu na ndugu zangu wa kushiriki, maana ukiingia kwenye mfumo kwa nia ya kuubadilisha na miaka kumi baadaye mfumo uko vile vile ila wewe una gari jipya, tujiulize ni nani aliyembadilisha mwenzake.

Ndo maana naona swali la kujitenga au kubaki tunalibishania sana na wala halitupeleki mbali. Kuna swali lingine ambalo nikiliweka juu ya hizi habari zote linazipanga vizuri zaidi: tumaini lako bili yake analipa nani?

Shakahola inadaiwa utaratibu ulikuwa watoto watangulie. Watoto! Mwenye ujumbe angekuwa wa mwisho. Rwanda bili ya maaskofu waliokula na serikali walianza kuilipa walioko kijijini, ingawa Nsengiyumva naye aliuawa Juni 1994. Moshi, Februari 2020, watu 20 walikufa kwenye msongamano uwanjani wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako, na sisemi mafundisho ya baraka yote ni utapeli, ila angalia nani alikanyagwa, ni mama aliyekuja na shida zake na nauli ya kuungaunga. Sasa geuza upande, wale wa Uamsho Kenya walilipa wenyewe. Na Janani Luwum.

Luwum naomba nikae naye kidogo. Alikuwa mtoto wa Uamsho huo huo, aliokoka 1948, na akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda 1974 wakati Idi Amin ameshika nchi kwa mabavu. Kuna waliomlaumu kwamba yuko karibu mno na serikali, anaonekana kwenye sherehe zao, na ukimuangalia juu juu mwaka 1975 ungeweza kumuweka kapu moja na Nsengiyumva. Lakini Februari 1977 askari walipovamia nyumba yake usiku na mauaji yakazidi, yeye na maaskofu wenzake waliandika barua kwa Amin wakaweka majina yao. Tarehe 16 mwezi huo akakamatwa pamoja na mawaziri wawili, kesho yake serikali ikatangaza ajali ya gari, na maiti ilivyoonekana ina matundu ya risasi. Huyu alikuwa karibu na watawala kiasi cha kuweza kuwaambia, na alikuwa ameshajitenga moyoni kiasi kwamba hawakuwa na kitu cha kumnunulia. Hizo mbili sisi tunazifanya kambi mbili, yeye alizibeba kwa pamoja.

Na hapa nawapinga wanaosema kuhubiri mbinguni kunawafanya watu wazembe wa duniani. Fundisho ni lile lile, kwamba Kristo anarudi na wafu watafufuka. Kule msituni lilimfanya mtu amnyime mtoto wake uji, Kampala lilimfanya askofu asaini barua ambayo alijua inaweza kumuua. Mtu asiyetegemea kitu chochote ng'ambo ya kaburi atapata wapi ujasiri wa namna ile, labda ataupata, sikatai, wapo watu wasio na dini waliofanya makubwa, lakini kwa Luwum huwezi kuitoa imani ya ufufuo ukabaki na habari inayoeleweka. Ila fundisho peke yake halikulindi. Ndo maana hata zile juhudi za serikali kudhibiti makanisa, kama Rwanda walivyofunga zaidi ya 700 Kigali mwanzoni mwa 2018 na kutaka wahubiri wasomee theolojia, mimi naziona zinasaidia kidogo upande wa majengo na vyeti. Seromba alisoma seminari.

Nirudi Nyange, kwa sababu ukiishia kwenye buldoza utaondoka na nusu ya habari. Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, waasi wenye silaha waliingia shule ya sekondari ya pale pale Nyange, wakawaambia wanafunzi wajitenge, Wahutu huku Watutsi kule. Wanafunzi wakakataa, wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi na mabomu ya mkono, kadhaa wakafa, waliobaki wengine wana ulemavu mpaka leo, na Wahutu walikuwemo kati yao ambao wangeweza kuvuka chumba tu wakapona. Vijana wa sekondari, hakuna askofu, hakuna mahubiri usiku ule. Mtu akija kwangu na "dunia imeharibika" namuuliza, hao unawahesabu upande gani? Eliya naye kwenye 1 Wafalme 19 alilalamika kwamba amebaki peke yake, akajibiwa kwamba kuna 7,000 ambao hawajampigia Baali goti, na mmoja tunamjua kwenye sura ya 18, Obadia, msimamizi wa nyumba ya mfalme Ahabu, mtu wa ikulu kabisa, aliyewaficha manabii 100 mapangoni akawalisha, huku anatetemeka. Eliya alikuwa ameshakutana naye na bado hakumhesabu.

Haya ni makubwa. Wengi wetu hatutasimamishwa na mtu mwenye bunduki, tutaletewa karatasi ya tenda yenye bei iliyopandishwa tusaini, na asilimia kumi yetu imo ndani. Wa kujitenga watakwambia acha kazi, toka Babeli. Wa kushiriki watakwambia baki, ukiondoka ataingia fisi. Mimi nasema usisaini, halafu tuongee ukweli kwamba bili ya kutosaini haiji kwako tu, inakuja kwa watoto wako, ada, kodi ya nyumba, dawa za mama kijijini, na mtu anaposaini mara nyingi si kwamba hamuogopi Mungu, amepiga hesabu akaona yuko peke yake. Kanisani tunachangia ujenzi, kiyoyozi, gari la mchungaji, sare za kwaya, sikukuu ya mavuno. Bado sijasikia matangazo yanasoma kwamba jumapili ijayo kutakuwa na changizo kwa ajili ya ndugu aliyehamishwa kituo au kufukuzwa kwa kukataa kusaini, miezi sita ya kodi na ada ya muhula mmoja. Usharika wa watu 300 unaimaliza hiyo kwa jumapili mbili, kamati ya ujenzi ikikubali kusubiri.