Ubao wa Tintin: toleo la 1931 au la 1946?

Mwalimu mwenzangu wa Lindi anataka, tukiwapa wanafunzi katuni ya mchoraji Mbelgiji Hergé, ile ya kijana mwandishi wa habari Tintin akiwa Kongo, tuwape toleo la rangi la 1946, lile la 1931 libaki kabatini. Namwelewa. Mtoto akimkuta Mwafrika kachorwa midomo kama maandazi, anaongea ovyoovyo, anaumia kabla mwalimu hajasema neno. Na Hergé, aliyechora bila kuwahi kufika Kongo, mwenyewe alikuja kukiri kwamba alibeba dhana za watu waliomlea.

Lakini nimeyafungua yote mawili mezani hapa Mtwara, na kilichosafishwa sicho anachodhani. Tazama darasa la misheni. Mwaka 1931 Tintin anawaambia watoto wa Kikongo kwamba leo atawafundisha habari za nchi yao: Ubelgiji. Mwaka 1946 somo limegeuka hesabu, mbili kujumlisha mbili, na hakuna mtoto anayejibu. Watoto ni walewale, sura zilezile. Aliyesitiriwa ni Mbelgiji! Tusi letu limebaki, ila jina la aliyetutukana limefutwa ubaoni, tena wakati Kongo bado iko mikononi mwake hadi 1960. Anayesoma la 1946 peke yake ataona watoto wazito wa hesabu tu. Anayesoma la 1931 ataona mtoto akinyang'anywa nchi yake darasani, mchana kweupe.

Halafu kuna kifaru. Zamani Tintin alimtoboa mgongoni, akatia baruti, akamlipua. Wachapishaji wa Skandinavia walilalamika, na mwaka 1975 ukurasa ukachorwa upya: kifaru anakimbia salama. Sisi wa kusini, ambao Liwale yetu inapakana na pori la akiba la Selous, tunamfurahia kifaru huyo. Lakini aliokolewa yeye, sura za watu zikaachwa zilivyo.

Boma la Wajerumani la Mikindani, la mwaka 1895, lilikarabatiwa likawa hoteli, na ukiuliza pale utaambiwa nani alilijenga. Rangi mpya haikuficha kitu. Katuni hii rangi imeficha.

Kwa shule ya msingi nakubaliana na mwenzangu, tena hata hilo la rangi nisingelitoa. Ila kwa kidato cha tano wanaosoma historia, nataka kurasa hizo mbili ziwekwe pamoja, Ubelgiji kushoto, hesabu kulia, na waulizwe ni nani aliyeondolewa kwenye picha.