Tustroki haina kosa, kosa liko kwenye dumu

Pita mwalo wa Kirumba hapa Mwanza asubuhi, boti zikirudi kutoka ziwani, na lawama utakazozisikia ni zilezile: tustroki, yaani mashine za boti za mipigo miwili, haziaminiki, zinazima ovyo, zinakula ringi. Mimi nakataa. Hizi ni mashine ngumu kweli, na nyingi zinazokufa tunaziua wenyewe kwa oili.

Tazama mashine ndogo ya kuvuta kamba. Haina valvu za juu kama za gari wala kamshafti. Pistoni, ringi, krenki, kabureta, plagi, basi. Vya kuharibika ni vichache. Lakini pia haina sampu ya kuhifadhi oili kama ya gari: kinacholainisha beringi na silinda ni ile oili iliyochanganywa na petroli, na ikishapita haibaki. Ndiyo maana hata vijiinjini vya ndege za mfano, vinavyoenea kiganjani, vingi hupewa mafuta yenye oili karibu sehemu moja kati ya tano.

Kwa mashine nyingi za boti kipimo ni petroli 50 kwa oili 1. Dumu la lita 20 linataka mililita 400. Mashine mpya inayozoeshwa kazi huongezewa, mara nyingi 25 kwa 1, yaani mililita 800. Yote yameandikwa kwenye kitabu chake. Sasa nenda mwaloni uone: mtu anamimina kwa macho, anatikisa dumu, anatazama rangi, anasema imekaa. Imekaa wapi? Rangi hiyo kaiweka mtengenezaji wa oili, na kila mmoja ana yake.

Oili ikipungua, pistoni inapata moto, inakwaruza silinda, mashine inanoki. Ikizidi, moshi unatanda, plagi inalowa, kaboni inaziba njia ya ekzosi, na kijana anavuta kamba mpaka bega linamuuma. Halafu kuna wanaotia oili ya gari kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ile haikutengenezwa ichomwe. Inaacha majivu kwenye plagi na juu ya pistoni. Oili ya tustroki za boti ina alama TC-W3 kwenye chupa. Soma chupa kabla ya kulipa.

Na fungua plagi mara kwa mara. Ikiwa ya kahawia, mashine iko salama. Nyeusi yenye unyevu, chunguza oili na kabureta. Nyeupe kama chaki, usiondoke nchi kavu kabla fundi hajaiona, maana inachomeka kwa joto. Ukishawasha, tazama kile kijimkondo cha maji ya kupoza mashine kinachotoka pembeni: kikikatika, zima hapohapo, huenda impela, ile pangaboi ya pampu, haileti maji.

Wanaosifu mashine za mipigo minne wana hoja. Tustroki ya kabureta hutoa sehemu ya petroli bila kuungua, ikaishia kwenye maji haya haya tunayokunywa Mwanza. Hilo linaniuma, na mwenye uwezo abadilishe. Ila hiyo ni hoja ya uchafuzi na gharama ya mafuta. Tusiigeuze kuwa ushahidi kwamba tustroki ni mbovu.

Kwa sasa ninachowaomba matajiri wa boti ni kikombe chenye alama za mililita, kifungwe kwa kamba kwenye kila dumu. Na vijana mnaoongeza mafuta visiwani, mkiuziwa petroli iliyokwisha kuchanganywa, muulizeni muuzaji ametia oili gani na kiasi gani. Akijibu kwa kukisia, nunueni petroli tupu mchanganye wenyewe.