Hekalu la Puri Linaishi kwa Kufanywa Upya

Wanaoandika kuhusu hekalu la Jagannath, mungu wa Kihindu, lililoko Puri katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, mara nyingi humtaja mfalme Anantavarman Chodaganga aliyeanza kulijenga katika karne ya 12, kisha huusifu mnara wake unaokaribia mita 65. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, naona zinawasahau maseremala, ambao bila wao mnara huo ungekuwa ganda tu.

Majengo yake manne yamefuatana kwa mstari mmoja: ukumbi wa sadaka, ukumbi wa ngoma, ukumbi wa ibada na, chini ya mnara, chumba chenyewe kitakatifu. Humo, ndani ya mawe mazito kiasi hicho, wanakaa Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, na sanamu zao zimechongwa kwa mwarobaini, mti unaooza. Kwa kawaida kila baada ya miaka 12 hadi 19, kalenda ya Kihindu inapoleta mwezi wa Ashadha mara mbili, miti mipya hutafutwa, sanamu mpya huchongwa, na zile za zamani huzikwa ndani ya ua wa hekalu. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2015.

Magari ya mbao ya miungu nayo huundwa upya na maseremala kila mwaka: la Jagannath lina magurudumu 16, la Balabhadra 14 na la Subhadra 12. Wasio Wahindu hawaruhusiwi kuingia hekaluni. Lakini siku magari hayo yanapokokotwa kwa kamba kuelekea hekalu la Gundicha, miungu huonwa na kila aliyeko barabarani, wa dini yoyote.

Kwa mtazamo huo, sikubaliani kabisa na wanaoshangilia tu kuondolewa kwa lipu ya chokaa iliyofunika kuta za hekalu, kazi iliyoanza katika miaka ya 1970. Ni kweli kwamba nakshi zilizofichwa kwa karne nyingi zilionekana tena, na ni nzuri mno. Lakini lipu ile, iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, ilikuwa sehemu ya desturi ileile ya kulitunza hekalu kwa kulifanya upya, na ililikinga jiwe laini dhidi ya upepo wa chumvi unaovuma kutoka Ghuba ya Bengal. Waliolivua hekalu vazi hilo wana wajibu wa kulitunza jiwe kwa bidii isiyopungua ile ya maseremala.