Wiki Tatu Tu, Jamani!

Mimi ninatembea na kadi iliyokufa, kadi yangu ya ukaazi wa Marekani. Iko mfukoni, ina picha yangu nimekodoa macho kama samaki wa juzi, na imeandikwa kwamba uhai wake ulikoma tarehe 19 Novemba 2025. Pamoja nayo natembea na barua, imekunjwa mara tatu, inayosema kadi hii msiizike, bado iko hai kwa miezi 48. Yaani kadi yenyewe ilipewa miaka miwili, barua ya kuitetea imepewa minne. Karatasi ya kawaida, ya kufungia kashata, imeishinda umri plastiki yenye nakshi za siri. Halafu mtu ananiuliza mvi zimetoka wapi.

Haya yote ni kwa sababu ya wiki tatu.

Tulifunga ndoa Mombasa, Mji wa Kale, Ijumaa tarehe 10 Desemba 2021, baada ya Alasiri. Shemeji yenu amezaliwa Columbus, Ohio, wazazi wake watu wa Lamu, kwa hivyo ni raia wa Marekani tangu kilio chake cha kwanza. Kiswahili anakijua, ila akikasirika humtoka Kiamu cha bibi yake, na hapo mimi hunyamaza, maana nusu ya maneno sijui kama natukanwa au naombewa dua.

Akarudi kwao, akaniombea ruhusa ya kumfuata. Dola 535 za kuanzia, kisha nyingine za fomu, nyingine za daktari, na mimi nimekaa barazani Mombasa nangoja. Embe zikaja zikaisha, zikaja tena zikaisha. Kila nikipita, wazee wa kahawa wananiuliza, "Vipi, mke bado hajakutumia tiketi?" Swali moja, miezi ishirini.

Hatimaye nikaitwa kwenye usaili wa viza Nairobi, ubalozi wa Marekani. Nikapanda treni pale Miritini na bahasha kubwa, ndani yake picha za harusi arubaini, kwa sababu niliambiwa picha ni ushahidi. Sasa nyinyi mnazijua harusi zetu. Afisa akazitandaza mbele yake, akaanza kupekua. Ya kwanza: mimi na kanzu na joho, nimeshikana mkono na mzee mwenye ndevu nyeupe, tunatazamana machoni. Ya pili: mimi na yule yule mzee, mikono bado haijaachana. Ya tatu: wanaume sitini wanakula pilau.

"Huyu uliyemshika mkono ni nani?"

"Baba mkwe."

"Na bibi harusi yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani? Siku ya harusi yake?"

"Kwetu bibi harusi haendi msikitini kuozwa."

Akaniangalia. Akaendelea kupekua. Wanaume. Kanzu. Pilau. Wanaume wanakunywa kahawa. Nikamweleza kwamba wanawake walikuwa na shughuli yao, bibi harusi alipambwa akapambika, ila simu zote zilikusanywa mlangoni kwenye beseni, na mlinzi wa beseni alikuwa shangazi yangu, mtu ambaye hata polisi hawezi kumpita. Picha tuliyo nayo mimi na mke wangu siku ile ni moja tu, nilipokwenda kumpa mkono, nayo alipiga shangazi huyo huyo, na kidole chake gumba kimeziba uso wangu wote. Anaonekana mke, kitanda, na gumba la shangazi.

Afisa akacheka mpaka akavua miwani. Viza nikapata. Nilitoka mle nikijiona Bwana Mipango.

Hapa ndipo penye msiba wangu. Sheria ya Marekani inasema hivi: siku unayoingia kule kama mume wa raia, kama ndoa yenu haijatimiza miaka miwili, unapewa ukaazi wa kudumu wenye masharti, kadi ya miaka miwili. Ikiwa imetimiza, hata kama imetimiza asubuhi ile ile, unapewa kadi ya miaka kumi. Hawaangalii siku ulipooa tu, wanaangalia na siku unayokanyaga. Na viza yangu ilikuwa na miezi kadhaa ya kungoja bila kuharibika. Ndoa yangu ingetimiza miaka miwili tarehe 10 Desemba 2023.

Mimi nikaingia tarehe 19 Novemba.

Mamangu alisema. Mungu amweke, alisema. "Mwanangu, si ungojee Desemba, kuna harusi ya binamu yako?" Nikamwambia, "Mama, mapenzi hayana subira." Kusema kweli tiketi ya Novemba ilikuwa nafuu pia, lakini hilo sikumwambia. Akaniangalia tu, akasema, "Haraka haraka, mwanangu," na ule ubeti wa pili akaniachia nikaumalizie mwenyewe Ohio.

Kwenye pasipoti wakanigongea CR1, alama ya mume wa masharti. Ningengoja wiki tatu ingekuwa IR1, ya mume asiye na masharti. Herufi moja! Kwa herufi moja nimekuwa mtu wa masharti. Hebu tazameni mantiki yenyewe: mwanamume ameshindwa kukaa wiki tatu zaidi bila mkewe, amekuja mbio, na serikali inamwambia, kwa kuwa umekuja mbio, tuna wasiwasi kama kweli unampenda. Angekaa Mombasa anacheza bao mpaka Desemba wangemwamini.

Na hayo maneno "ukaazi wa kudumu wenye masharti" mimi hayanishuki. Ni kama kuambiwa umealikwa karamuni, lakini usikae vizuri. Nilipomweleza Mama kwa simu, akashtuka: "Ndoa ya masharti? Mbona Sheikh hakutaja masharti?" Nikamwambia si ndoa, Mama, ni kadi. Akasema, "Basi mwambie Sheikh awapigie simu." Mpaka leo anaamini tatizo ni kwamba hakuna mtu mzima aliyezungumza nao.

Kisa cha haya ni sheria ya mwaka 1986, mimi sijazaliwa. Kulikuwa na watu wanaooa makaratasi, si watu. Siwatetei, wao ndio walioniponza. Adhabu ya ndoa ya uongo ni kifungo hadi miaka mitano na faini hadi dola 250,000. Mahari niliyotoa mimi, ukiongeza ubani na halua, haifiki hata riba ya faini hiyo. Nani atadanganya kwa bei ile?

Basi tukaanza maisha ya risiti. Mwisho wa ile miaka miwili mnatakiwa kupeleka ombi la kuondoa masharti, na muambatanishe ushahidi kwamba mnaishi pamoja kama mke na mume. Ushahidi wenyewe ni mkataba wa nyumba wenye majina mawili, bili ya stima, bima ya gari, ritani za kodi mlizojaza pamoja, akaunti ya benki ya pamoja. Mimi, ambaye risiti ya duka huitumia kutolea nyama kwenye meno kabla sijafika mlangoni, leo nakaguliwa mifuko na mke wangu kila jioni kama mwizi wa bandarini. Amenunua sanduku la plastiki lenye kifuniko, ameandika juu yake MAPENZI kwa kalamu nyekundu, na humo ndimo inamoingia kila karatasi. Nikinunua godoro, risiti kwenye MAPENZI. Tukipeleka gari kubadilisha oili, MAPENZI.

Lakini kilichoniua ni akaunti ya pamoja. Kwetu pwani mambo yako wazi: pesa ya mke ni ya mke, na pesa ya mume ni ya mke vilevile, ila mume anabakiwa na siri kidogo. Siri hiyo Marekani wameinyang'anya. Kila nikigusa kadi, simu ya shemeji yenu inalia popote alipo. Yeye ni muuguzi, yuko wodini, anahudumia mgonjwa, anajua mumewe yuko kwa Msomali anakula sambusa.

"Dola kumi na nne za nini?"

"Sambusa."

"Sambusa ngapi?"

Ushahidi wa ndoa mlikuwa mnautaka, huu hapa. Lakini mazungumzo haya hakuna fomu inayoyapokea.

Agosti 2025 dirisha likafunguliwa. Ombi linapelekwa ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha. Usipopeleka, ukaazi wako unakwisha wenyewe bila mtu kukupigia simu. Na fomu inataka sahihi mbili, yangu na yake. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka siku nilipomwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba wali wa leo umeshika chini kidogo. Akaweka mwiko. Akaenda sebuleni. Akarudi na fomu, akaikunja taratibu, akaiweka ndani ya mkoba wake wa kazini, akafunga zipu.

Ule wali nilikula na ukoko wake nikasema mashallah.

Siku tisini nilikuwa mume ambaye Mombasa nzima haijapata kumuona. Nilifua. Nilikunja. Niliangalia tamthilia yake na nikauliza maswali kuhusu wahusika. Mkwe wangu alipokuja akanikuta nakuna nazi, akauliza kama ninaumwa.

Fomu yenyewe mwanzoni inakutaka uchague hali yako: mnaomba pamoja, au mwenzio amefariki, au mmeachana, au umekuwa ukiteswa ndani ya nyumba. Shemeji yenu akawa ananisomea moja moja kwa sauti kama karani wa mkahawa anayetaja vyakula, na kwenye "amefariki" akasita akaniangalia. Hiyo ya mateso tuliipita bila mzaha. Tunawajua kina dada wanaovumilia makofi kwa kuamini kwamba sahihi ya mume ndiyo inayowashikilia nchini, na hawajui kwamba wanaweza kuomba wenyewe, bila yeye, hata siku 90 hazijafika. Yeye hospitalini huwaambia. Huwaambia na mlango umefungwa.

Tulihitaji pia watu wa kutushuhudia kwa maandishi. Nikamwendea jirani yetu wa chini, mzee wa Bujumbura, mtu wa heshima, Kiswahili chake kimenyooka. Akaandika ukurasa mzima, tukatafuta wa kututafsiria. Aliandika: "Nathibitisha kwamba watu hawa ni mke na mume wa kweli, kwa sababu hugombana kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, kuhusu nani aliahidi kupeleka nguo kwenye mashine, na kufikia adhuhuri nawasikia wanacheka." Shemeji yenu akataka tumwombe mzee aandike upya. Nikakataa katakata. Katika sanduku zima la MAPENZI, na bili zake zote za stima, huo ndio ukurasa pekee wenye ukweli. Ukapelekwa hivyo hivyo.

Alisaini siku ya sabini na moja. Sikuuliza kwa nini siku hiyo. Dola 750 zikaenda, na simu yake ikalia, na kwa mara ya kwanza hakuuliza ni za nini.

Ndipo ikaja hiyo barua ya miezi 48. Watu wa uhamiaji wanasema wana kazi nyingi, tungoje. Mimi nimezoea kungoja sasa, nimejifunza baada ya mtihani kwisha. Barua nimeitolea nakala sita: moja kwenye gari, moja kwa mkwe, moja Mombasa kwa Mama ambaye ameiweka ndani ya msahafu. Ile ya asili inalala kwenye sanduku, na siku moja ilidondokewa na tone la chai, mimi na shemeji yenu tukaipepea kwa ungo dakika ishirini kama mtoto aliyezimia.

Mwezi Januari tulikuwa tunarudi kutoka Mombasa. Tuko kaunta ya mizigo, mabegi yamejaa achari, ubuyu na kahawa ya kusaga, na tumegombana tangu nyumbani, kwa sababu mimi nilisema kinu cha kutwangia hakihitajiki na yeye akakitia kwenye begi langu. Kijana wa kaunta akaichukua kadi, akaitazama mbele na nyuma.

"Mzee, hii kadi imeisha."

Mzee! Nina miaka thelathini na tano.

"Imeisha, lakini ina barua," nikasema. Nikaitoa. Akaisoma. Akamwita mwenzake, naye akaisoma. Wakamwita mkubwa wao, akaiinua kwenye mwanga kama anayetafuta noti bandia. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Yule mkubwa akaniuliza hiyo kadi niliipata kwa njia gani, nikamwambia kwa ndoa. Akamgeukia shemeji yenu, kwa heshima zote.

"Samahani dada. Huyu ni mumeo?"

Shemeji yenu akaniangalia. Akaliangalia begi lenye kinu. Akaniangalia tena. Nilihesabu moyoni mpaka nne.

"Ndiye," akasema. "Lakini kwa masharti."

Kaunta nzima ikaangua kicheko, tukapitishwa. Tukatozwa kilo sita za ziada, zote za kinu. Nililipa bila neno. Kijana akaikunja risiti akataka kuitupa, nikamdaka mkono: ina majina yetu wote wawili.