Saratani ya puru: kuunga utumbo au kukubali mfuko?

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza, mtazame mpasuaji sangara anayeijua kazi yake. Akifika kwenye bondo, ule mfuko wa hewa wa samaki, anapunguza mwendo. Kisu hakikati tena, kinabandua polepole, maana bondo likitoboka bei imeshuka.

Upasuaji wa saratani ya puru, yaani sentimita kama 15 za mwisho za utumbo mpana, ulibadilishwa na ujuzi wa namna hiyo. Puru imevikwa mafuta yenye tezi za limfu, na saratani hupenda kujificha humo. Mwaka 1982 daktari Bill Heald wa Basingstoke, Uingereza, alieleza jinsi ya kuufuata utando unaofunika mafuta hayo bila kuuchana, ili puru na mafuta yake vitoke kama furushi moja. Zamani wapasuaji wengi walikuwa wakiingiza mkono na kung'oa, na ugonjwa ukawa unarudi mlemle kwenye nyonga.

Ndiyo maana ubishi wa upasuaji wa matundu madogo, kwa kamera na vyombo vyembamba, dhidi ya kupasua tumbo wazi haunisisimui sana. Anayefanyiwa kwa matundu huumia kidogo na huondoka wodini mapema, hilo halina ubishi. Lakini saratani je? Utafiti wa Ulaya uitwao COLOR II, uliotoa majibu mwaka 2015 kwa wagonjwa zaidi ya 1,000, ulikuta ugonjwa umerudi nyonga kwa asilimia 5 pande zote mbili baada ya miaka mitatu. Mwaka huohuo tafiti nyingine mbili, moja ya Amerika Kaskazini na nyingine ya Australia na New Zealand, zilishindwa kuthibitisha kwamba furushi linalotolewa kwa matundu ni zima sawasawa na lile la tumbo wazi. Roboti inayoongozwa na daktari nayo, ghali kama ilivyo, haijafuta hoja hiyo. Mimi ningemtafuta daktari mwenye mkono uliozoea, atumie njia anayoimudu.

Mvutano wenyewe uko chini, pale uvimbe unapokaribia misuli ya kubania haja. Tangu Ernest Miles alipoandika juu ya upasuaji wake mwaka 1908, njia moja imekuwa kutoa puru pamoja na tundu la haja, na choo kikapita tumboni kuingia kwenye mfuko, maisha yote. Njia ya pili ni kukata juu ya misuli na kuunga, mara nyingi kwa stepla, huku mfuko wa muda ukilinda kiungo kisivuje.

Kila mgonjwa ataomba kuungwa. Nani anataka mfuko? Ila kuungwa chini sana kuna malipo yake: wengi huenda chooni mara nyingi kwa siku, ghafla, na wengine hushindwa kubana. Mionzi kabla ya upasuaji, ambayo siku hizi hutolewa hata hospitali ya Bugando hapa Mwanza, hupunguza ugonjwa kurudi lakini huongeza shida hiyo.

Sasa mchukue mama wa Ukerewe anayevusha dagaa. Yuko kwenye meli ya Nansio, safari ya saa tatu na zaidi, foleni ya choo haisogei, na haja inamjia kila nusu saa. Huyo, mfuko uliokaa vizuri chini ya kanga ungemwacha afanye biashara yake. Lakini mifuko inanunuliwa kila mwezi, na ikikosekana watu huishia kufunga vitambaa na nailoni hadi ngozi inachubuka. Halafu kuna mume, kuna majirani, kuna harufu ambayo yeye mwenyewe anaihisi hata pale ambapo haipo.

Kwa uvimbe ulio juu, sisiti: uungwe. Kwa ule wa chini kabisa naona tunawasukuma watu kwenye kuunga kwa sababu ya aibu, si kwa sababu ya maisha watakayoishi. Kabla ya kusaini fomu, muulize daktari: uvimbe uko sentimita ngapi kutoka kwenye tundu? Nikiungwa nitakwenda chooni mara ngapi baada ya mwaka? Na mifuko hapa Mwanza inauzwa wapi, shilingi ngapi?