Lami ya Isiolo–Moyale: ya wapitaji au ya wenyeji?

Kwa miaka mingi, mtu wa Moyale alipoagana na jirani zake ili apande lori la kwenda Nairobi, alisema anakwenda Kenya. Maneno hayo hayakuwa mzaha. Lami ilianzia Isiolo, na kabla ya kuifikia alikuwa amekaa siku mbili, pengine tatu, juu ya vyuma vya lori, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, ng'ombe wamebanana chini ya miguu yake, na dereva akingoja askari wa kusindikiza msafara kwa hofu ya majambazi.

Leo basi linalotoka Moyale hufika Nairobi ndani ya siku moja. Barabara kuu ya A2 ilitiwa lami kipande kwa kipande kutoka Isiolo, zaidi ya kilomita 500, kazi iliyoanza 2007 na kuchukua takriban miaka kumi, kwa fedha za serikali, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya. Lami imekauka, ubishi haujakauka. Wako wanaosema fedha zile zilimwagwa jangwani. Wako wanaosema hakuna jambo kubwa zaidi ambalo serikali ya Kenya imewahi kulifanyia eneo la kaskazini. Na wako wenyeji wanaouliza swali ambalo pande hizo mbili hulipita haraka: barabara hii ilijengwa kwa ajili ya nani?

Njia yenyewe inasimulia mengi. Ukitoka Isiolo unavuka mto Ewaso Ng'iro pale Archer's Post, kituo chenye jina la Geoffrey Archer, afisa wa Kiingereza aliyetumwa huko mwanzoni mwa karne ya 20. Unapita chini ya mlima Ololokwe, kisha Merille, Laisamis na Logologo, halafu barabara inapanda Mlima Marsabit, wenye msitu na ukungu katikati ya nchi kavu. Kutoka hapo unateremka kuelekea Bubisa na uwanda wa Dida Galgalu, mawe meusi ya volkano hadi macho yachoke, hadi Turbi na hatimaye Moyale, mji ambao mpaka wa Kenya na Ethiopia umeupasua katikati.

Wakoloni hawakuacha eneo hili bila barabara nzuri kwa kusahau. Sheria ya 1902 iliwapa uwezo wa kuzifunga wilaya za pembezoni, na kuanzia 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa: mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Kwao kaskazini ilikuwa ukuta wa kuzuia Ethiopia, na ukuta hauhitaji mlango mpana. Uhuru ulikuja pamoja na vita vya Shifta, vya waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, na sheria za hali ya hatari zilidumu huko hadi 1991. Kizazi kizima kilizaliwa na kuzeeka kikikaguliwa kwenye kizuizi cha Isiolo.

Kisha kuna Waraka Namba 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ambao watu wa kaskazini huutaja kama wengine wanavyotaja jeraha la zamani. Waraka huo ulisema fedha za maendeleo ziende mahali zitakapozalisha zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kupokea maendeleo. Ngoja kidogo hapo kwenye usafiri. Mahali pasipo na barabara palinyimwa fedha kwa kuwa hapana barabara. Miaka arobaini baadaye wapangaji walihesabu magari yanayopita Marsabit, wakayakuta machache, na uchache huo ukawa hoja ya kutojenga.

Hata hivyo sitaki kuwadharau wanaohesabu magari. Mkopo hulipwa na mwananchi wa Kakamega na wa Kitui pia, na wao wana barabara zao zinazogeuka tope kila masika. Mradi huu ulielezwa kama kiungo cha njia kuu ya Cairo hadi Cape Town, utakaoipa Ethiopia mlango wa Mombasa. Mnamo Desemba 2020 kulikuwa na sherehe ya majirani hao wawili: Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na Waziri Mkuu Abiy Ahmed wa Ethiopia walifungua kituo cha pamoja cha forodha pale Moyale. Lakini Ethiopia bado hupitisha sehemu kubwa mno ya shehena yake Djibouti. Anayesema malori yaliyoahidiwa hayajaja kwa wingi ule anasema kweli.

Kosa lake, kwa maoni yangu, ni kudhani kwamba faida ya barabara ni malori hayo. Mwulize mfugaji. Zamani ng'ombe aliyepakiwa Moyale alifika sokoni amekonda, mwingine amevunjika mguu, mwingine amekufa njiani. Mfanyabiashara alijua hivyo kabla ya kununua, kwa hiyo hasara yote aliikata kwenye bei ya mfugaji hukohuko malishoni. Safari ikifupishwa, hasara ile inapungua, na mwenye mifugo ana nafasi ya kudai zaidi kwa sababu mnunuzi si mmoja tena. Mboga za Meru hufika Marsabit bado mbichi. Mama aliyeshindwa kujifungua huwahishwa hospitali ya rufaa bila kurushwarushwa usiku kucha. Mambo haya hayaonekani kwa anayehesabu magari, kwa sababu mama yule ni gari moja tu.

Upande wa pili unanisumbua zaidi, na hauna uhusiano na bei ya lami. Mitambo 365 ya umeme wa upepo ya Ziwa Turkana ilitoka Mombasa vipande vipande, ikapita barabara hii, ikakata kushoto Laisamis kwa njia ya kilomita 208 iliyotengenezwa kwa ajili yake. Umeme wake ulikwenda Suswa kwa nyaya za zaidi ya kilomita 400, na wakati unaanza kutiririka, mji wa Marsabit uliendelea kuwashwa kwa jenereta za dizeli. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo wa upepo hazikupatikana kwa kufuata sheria. Barabara hufungua macho ya mnunuzi wa ardhi upesi kuliko inavyofungua macho ya anayeikalia ardhi hiyo bila hati. Ardhi ya jamii ilipaswa kusajiliwa kabla tingatinga la kwanza halijawashwa.

Ukame wa 2020 hadi 2023 ulionyesha sura zote mbili kwa wakati mmoja. Misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa. Waliokaa karibu na lami walifikiwa na maji na chakula, na waliowahi waliuza wanyama kabla hawajaanguka. Lakini mifugo haikai kando ya lami. Hukaa malishoni, kuelekea North Horr na Illeret, mwendo wa siku kutoka barabara kuu, na huko bei ilikuwa ileile ya zamani au hapakuwa na bei kabisa.

Ndiyo maana naikubali barabara hii bila kusita, na bado sikubali ihesabiwe kuwa deni la kaskazini limelipwa. Anayeilaumu na aliyeipanga wametumia kipimo kimoja, yaani mizigo inayopita kutoka ncha hadi ncha. Kilomita zinazofuata zinapaswa kwenda kando: njia za changarawe zenye madaraja zinazoingia malishoni, na vichinjio vilivyo karibu na mifugo. Kwa sasa, mvua kubwa ikinyesha katika jangwa la Chalbi, lori la dawa linalokwenda North Horr huacha lami Marsabit, huteremka hadi ukingoni mwa jangwa, na dereva huzima injini angoje tope likauke.